Kutoka baridi ya Biano mpaka joto la Bukama



Mwezi wa sita umeingia na baridi imefika Lubumbashi. Asubuhi watoto wanakuja masomo mikono ikiwa ndani ya mikono ya triko, midomo imepasuka, na wa klasi ya kwanza hawawezi hata kushika kalamu vizuri mpaka saa tatu. Wengi kati yetu wanasema: "Baridi hii si ya Afrika." Tena mwezi wa kumi watasema: "Joto hili linatoka wapi?" Mimi nimefundisha hapa Lubumbashi, na mbele ya hapa nilifundisha miaka mine Bukama, kule chini kwenye mto Lualaba. Safari za kwenda na kurudi zilinionyesha baridi na joto vya inchi yetu ya Katanga, na namna wamama wa kila mahali wanavyovijibu. Ndiyo ninayotaka kuwaeleza, kwa maana kuna jamaa zinazohama kila mwaka na kubeba desturi za kwao mahali ambapo desturi hizo zinaweza kuua mtoto.

Kwanza tuelewe baridi yetu. Lubumbashi iko juu, zaidi kidogo ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inapoa: kwa kila mita 1,000 inapungua karibu digrii 6. Zaidi ya hayo, sisi tuko kusini ya ikweta. Mwezi wa sita jua liko mbali upande wa kaskazini na mishale yake inatufikia kwa kuinama. Na kwa kuwa ni kiangazi, hakuna mawingu. Mawingu ni kama bulangeti la dunia. Yakikosa, joto lote la mchana linapanda juu usiku na kupotea. Ndiyo maana saa saba ya mchana unaweza kuvua triko, na saa kumi ya usiku kipimo kinashuka chini ya digrii 10.

Mwezi wa kumi mambo yanageuka. Jua linarudi kusini, na kuelekea mwisho wa mwezi ule linapita juu kabisa ya vichwa vyetu saa sita ya mchana. Simama uwanjani saa ile, utaona kivuli chako kimejificha chini ya miguu. Linapita tena juu yetu mwezi wa pili, lakini wakati ule mvua na mawingu vinatufunika. Mwezi wa kumi mvua haijafika bado, udongo umekauka, majani yamechomwa moto, na mabati ya klasi yanalia tak, tak, yakitanuka. Ni wakati wa masuku na wa munkoyo. Mwalimu anayejua kazi yake anafundisha hesabu saa ya kwanza, na kuacha nyimbo na kuchora kwa saa za mwisho, kwa sababu kichwa cha mtoto hakifanyi kazi chini ya bati la moto.

Sasa tupande treni.

Njia ya reli ilifika hapa kwetu mwaka 1910, na mwaka 1918 ikafika Bukama. Unatoka Lubumbashi, unapita Likasi, unafika Tenke, na pale reli inakata kuelekea kaskazini na kupanda uwanda wa juu wa Biano. Yule asiyepita Biano usiku wa kiangazi asiseme anajua baridi ya Katanga. Uwanda ule unapita mita 1,600. Ni majani matupu mpaka jicho linapoishia, miti ni michache, na ng'ombe wanafugwa kule tangu wakati wa ukoloni, kwa kuwa hewa inawafaa. Upepo haupati kitu cha kuuzuia.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa saba. Treni ilisimama kule juu usiku, na kama mnavyojua, treni ikisimama haisemi itaondoka saa gani. Watu walishuka, wakawasha moto wa majani na vijiti kando ya reli. Kulipopambazuka, niliona majani yote yamekuwa meupe kama mtu amenyunyiza chumvi. Nilipoyashika yalivunjika kwenye vidole. Ilikuwa umande ulioganda, barafu kabisa, hapa Kongo. Watoto waliokuwa nasi waliyaramba wakicheka.

Lakini si watoto walionifundisha, ni wamama wa pale waliokuja kuuza viazi vitamu vilivyochemshwa. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga. Nilitazama mtoto, sikumwona mgongoni. Alikuwa mbele, ngozi yake juu ya ngozi ya mama, kati ya maziwa, ndani ya blauzi, kisha kikwembe cha kwanza, kisha triko, kisha kikwembe cha pili. Kichwani alivalishwa kofia ya sufi. Nilimwuliza kama mtoto hasikii baridi. Akanijibu: "Mwalimu, akisikia baridi yeye, mimi nitajua mbele yake."

Mama yule hakusoma kitabu, lakini madaktari wanafundisha jambo lile lile. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kule Bogotá katika inchi ya Kolombia, mashine za kutia joto watoto waliozaliwa mbele ya wakati hazikutosha, na madaktari wakaanza kuwaweka watoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Leo nyumba nyingi za uzazi duniani zinafanya hivyo. Mtoto mchanga anapoteza joto haraka, zaidi sana kwa kichwa, na hana nguvu ya kutetemeka kama sisi. Mwili wa mama ndio moto wake wa kwanza.

Kutoka Biano treni inapita Lubudi na kushuka. Unasikia masikio yanaziba. Triko la kwanza linavuliwa, la pili linavuliwa, madirisha yanafunguliwa. Ukifika Bukama uko kama mita 600 tu, mita 1,000 chini ya majani yale meupe. Mtu asiyejua anafikiri amefika inchi nyingine. Ni Katanga ile ile, umeshuka tu. Mto Lualaba ni mpana, na mbele yake kunaanza mabwawa na maziwa ya Upemba na Kisale, kwa wavuvi. Mwezi wa kumi, joto la pale halikuachi hata usiku, kwa maana maji na hewa ya unyevu vinalishika. Unalala ukiwa umelowa, unaamka ukiwa umelowa.

Wamama wa Bukama wana akili ya joto kama wa Biano walivyo na akili ya baridi. Shamba wanaenda kungali giza, na saa nne wamerudi. Jiko liko inje, chini ya paa la majani lisilo na kuta. Maji ya kunywa yanachemshwa, kwa kuwa kipindupindu kinajulikana sana kwenye maziwa yale, kisha yanamiminwa ndani ya mtungi wa udongo na kufunikwa. Mtungi unatoka jasho kidogo kidogo, na jasho lile likikauka na upepo linapoza maji ya ndani. Ni sawa na mwili wetu: jasho likikauka, ngozi inapoa. Ukikosa kunywa, jasho linakwisha, na mwili unawaka kama nyumba isiyo na dirisha.

Mwaka wangu wa pili kule, jamaa moja ilihamia kutoka Lubumbashi, baba akiwa mwalimu mwenzetu. Mtoto wao wa miaka miwili alishikwa na homa ya malaria katikati ya mwezi wa kumi. Mama yake alimfunika na bulangeti mbili na kufunga dirisha, kama wanavyofanya wengi huku kwetu, ili "atoe jasho". Mtoto akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Mama mwenye nyumba nilikopanga, mjane wa mvuvi, alisikia kelele akaingia. Hakupiga makelele. Alifungua dirisha, akamvua mtoto yote, akampangusa na kitambaa cha maji ya vuguvugu, akamlaza kwa ubavu mpaka alipotulia, kisha akawaambia wazazi: "Sasa muende kituo cha afya, si kesho." Mtoto alipona. Siku iliyofuata alikaa na yule mama kijana na kumwambia: "Mwanangu, huku hakuna baridi ya kumfunika mtoto. Joto la inje na joto la homa vikikutana ndani ya bulangeti, mtoto anapikwa."

Niliyashika maneno yale. Sikujua kwamba miaka michache baadaye nitaona upande wake wa pili, hapa Lubumbashi.

Jamaa moja ilitoka upande wa Bukama ikahamia katika kartye yetu, mwezi wa tano. Walipata chumba kimoja na nusu, cha matofali, chenye dirisha dogo. Mtoto wao mkubwa aliingia klasi yangu, kijana mtulivu, mzuri wa hesabu. Hawakuwa na bulangeti za kutosha. Kule kwao moto unawaka inje siku zote, hata kama unawaka usiku kucha hauna hatari kwa mtu. Usiku mmoja wa mwezi wa sita walipika bukari, na makala yakabaki mekundu ndani ya mbabula. Baba aliingiza mbabula ndani, wakaziba chini ya mlango na kitambaa ili upepo usiingie, wakalala wote watano. Asubuhi jirani alipiga hodi, hakuna jibu. Walivunja mlango. Wanne waliamka hospitali. Msichana mdogo, wa miaka mitatu, hakuamka.

Kijana yule alirudi klasi baada ya wiki tatu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, hakukuwa na moshi. Ni nini kilimuua?"

Nilimjibu mbele ya klasi nzima, na nawajibu ninyi leo. Makala yanayowaka mekundu bila moshi yanatoa hewa moja mbaya inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Ukiivuta, inaingia damuni na kukaa mahali pa hewa safi tunayohitaji. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inakosa nguvu, usingizi mzito unakuja. Mtu aliyelala hasikii dalili hizo, anapita kutoka usingizi mpaka kifo. Watoto wanashikwa haraka kuliko wakubwa. Chumba kikiwa kidogo na kimezibwa vizuri, ndivyo hatari inavyozidi.

Ndiyo maana nasema jambo linaloua si baridi peke yake wala joto peke yake. Mama kutoka Lubumbashi alimfunika mtoto wake Bukama kama mtu wa baridi. Baba kutoka Bukama alilala na moto wake Lubumbashi kama mtu wa joto. Wote wawili walipenda watoto wao. Kila mmoja alifanya desturi iliyokuwa nzuri kwao. Jirani ndiye angeweza kuwaambia mapema, na pale Bukama jirani alikuwepo.

Kwa hiyo, kwa wiki hizi za baridi, naomba tufanye haya:

Mbabula ikae inje. Ukitaka joto chumbani, pasha maji, yatie ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, ifunge na kitambaa na kuiweka miguuni mwa watoto. Asifike nayo mtoto mchanga, ngozi yake inaungua upesi. Yeye joto lake ni kifua chako. Watoto walale pamoja, na ukiwa na karatasi za mfuko wa simenti au mkeka, tandika chini, kwa maana baridi nyingi inapanda kutoka sakafuni.

Ukimkuta mtu amelala karibu na makala na haamki, mtoe inje kwanza, penye hewa, kisha mpelekeni hospitali. Usianze kumpa maziwa wala mafuta.

Na baba wa nyumbani wasituambie kwamba lutuku inatia joto. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakimbilia inje, mtu anasikia joto wakati mwili wake unapoa ndani. Aliyelewa akilala barabarani mwezi wa saba hawezi kuamka.

Mwezi wa kumi ukifika tutakumbushana ya joto: maji ya kunywa mengi, watoto kivulini saa sita, homa isifunikwe na bulangeti, na chandarua kisitolewe hata usiku ukiwa wa moto.

Zaidi ya yote, tutembelee jamaa mpya za kartye zetu. Kila kiangazi kuna watu wanaofika kutoka Bukama, Kikondja, Manono, Kongolo na pengine pa joto. Wanafika na mizigo midogo, na hawajaona baridi yetu. Wiki hii kila mmoja wetu aulize kwenye avenyu yake: nani amehamia? Wana bulangeti ngapi? Usiku mbabula yao inalala wapi? Chama kimeanza kukusanya bulangeti na triko za watoto. Zileteni kwenye mkutano wa siku ya posho, hata zile zilizotoboka, tutazishona.