Mchezo Usio na Dado

Huku Pap Onditi jina lenyewe linaieleza ardhi, kwani pap kwa Kijaluo ni uwanda. Upande mmoja imesimama miinuko ya Nyabondo. Upande wa pili tambarare ya Nyakach inateremka hadi Ziwa Viktoria. Sisi ni akina mama watano, wawili wazaliwa wa Pwani tulioolewa huku na watatu wenyeji. Kwa miezi kadhaa sasa, kila Jumamosi baada ya Alasiri, tunabuni mchezo wa ubaoni kwa ajili ya watoto wetu.

Chanzo chake ni dado. Watoto walitaka ludo, nao baba zao wakasita. Kamari imeharamishwa wazi katika Suratul Maida, na hilo halina mjadala. Lakini ipo pia hadithi katika Sahihi Muslim inayokemea vikali mchezo wa nardi, ambao huendeshwa kwa dado, na wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wameukataza hata pasipo dau. Kipimo walichokiweka kinatupendeza: je, mchezo unategemea hesabu na fikra, au kubahatisha? Na je, unampitishia mtu wakati wa Sala? Tukaona badala ya kugombana na ludo, tutunge wetu.

Hatukuwa watu wa kwanza kuwaza hivyo sebuleni. Leslie Scott, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa Tanganyika, aliutoa mchezo wa Jenga huko London mwaka 1983, baada ya familia yake kuucheza kwa vipande vya mbao walipokuwa Ghana. Jina alilitoa katika Kiswahili alichokulia. (Hivi leo tunauziwa neno letu wenyewe ndani ya boksi, tena kwa bei ya kuumiza.)

Msingi wetu ulikuwa karibu zaidi. Pwani tuna bao, mashimo 32 na kete 64, ambalo wazee hulicheza barazani na wanawake hulitazama kwa mbali. Wajaluo wana ajua, jamaa yake bao. Yote mawili hayana dado. Idadi ya kete shimoni ndiyo inayoamua utafika wapi. Tukachora kwenye katoni safu tatu za mashimo manne. Safu ya chini ni kando ya mto, ya kati ni mashamba, ya juu ni Nyabondo. Kila mchezaji huanza chini na kete nne za aina yake: mbegu, kokoto, vifungo, punje za mahindi. Kwa zamu yake huchota shimo lolote lenye kete yake, akazisambaza zote zilizomo, moja moja, kwenda mbele. Kila duru ikiisha, jiwe moja hutiwa katika bakuli la mto. Jiwe la nane likiingia, safu ya chini huzama pamoja na vyote vilivyomo. La ishirini, safu ya kati.

Siku ya kwanza ya majaribio kijana mmoja wa miaka kumi alipandisha kete zake zote Nyabondo, akakunja mikono akiangalia za dada zake zikizama. Alifurahi mno. Bibi jirani yetu, aliyekuwa akichambua dagaa pembeni, hakufurahi.

Lazima tumweleze bibi huyu. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kuvunja rekodi ya mwaka 1964, maji yaliichukua nyumba yake ya udongo, akalala wiki nyingi darasani na wajukuu. Baadhi yetu tulitaka mto uondolewe kabisa mchezoni, tukiona haya kugeuza msiba wa mtu kuwa burudani. Tulibishana hata kahawa ikapoa. Hatimaye tulimwendea yeye mwenyewe. Alisema mto ubaki, kwa sababu watoto wanaujua na kunyamaza hakuwasaidii kulala. Kilichomkera ni yule kijana. “Amekaa juu peke yake,” alituuliza, “atakula na nani?”

Kwa hiyo kanuni ikabadilika. Aliyemaliza kupandisha kete zake hapumziki. Zamu yake ikifika hushuka kuchota shimo la mwenziwe. Wote huokoka au wote hushindwa. Jaribio lililofuata lilikuwa la kuchosha, maana hakuna aliyezama hata mara moja, na watoto wakaanza kupiga miayo. Tukaharakisha mto: mawe sita kwa safu ya chini, kumi na sita kwa ya kati. Katika michezo kumi ya mwezi uliopita tumeshindwa minne, na hiyo minne ndiyo inayozungumzwa jikoni. Binti mmoja mpole, ambaye kwa kawaida hasikiki, sasa huwaongoza kaka zake: chota hili kwanza, liache lile lijae. Kijana wetu wa kwanza angali ananung'unika kwamba mchezo usio na mshindi si mchezo. Tumemwachia rai yake, naye kila Jumamosi huwahi kabla ya wote.

Adhana ya Magharibi ikisikika katoni hukunjwa hata kama mto umebakiza jiwe moja. Jumamosi ijayo, inshallah, tunamjaribu ng'ombe, ambaye kwa hesabu ya watoto ana uzito wa kete tatu. Bibi anasema nne.