Kutembea Bila Shida

Kwetu Mabwerebwere mtu hasafiri bila shida. Anakwenda msibani, hospitali, kortini, au anamfuata mdeni wake. Mtalii ni yule aendaye Hifadhi ya Mikumi na darubini shingoni. Sasa mimi, kijana niliyeishia kidato cha nne, mwenye riwaya isiyokwisha ndani ya madaftari matatu, nikakata tikiti ya treni ya umeme kutoka Kilosa hadi Dodoma ili nitazame milima. Basi! Mama alisema fedha hiyo ingetosha mbolea.

Lakini sababu ninayo. Milima hii ya Rubeho nimekua nikiiogopa. Desemba 2009, nikiwa mtoto mdogo kwa bibi mjini Kilosa, mvua ilinyesha huko juu, Mto Mkondoa ukavunja tuta, maji yakaingia mitaani. Tukalala kwenye mahema na maelfu ya wenzetu. Mpaka leo wingu likitanda upande wa milimani, bibi anafunga nguo zake ndani ya kanga. Nilitaka japo siku moja niione milima kama mgeni aionavyo.

Kiti cha pili alikaa mzee mmoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unakwenda msibani?"

"Hapana babu, natembea tu. Natazama milima."

Akacheka mpaka koti likatikisika. "Milima ya kwenu, unailipia nauli?"

Kumbe alikuwa fundi wa njia, wa reli ya zamani! Akanionyesha huko chini, imelala kando ya mto. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Treni haipandi mlima kama mbuzi, kwa hiyo wakashika bonde la Mkondoa, bonde lile lile alilopita Stanley na msafara wake mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Mto uliwapa njia, na tangu hapo unaidai. Baada ya mafuriko yale treni zilikaa miezi bila kupita hapa.

"Pengine tuta lote lilikwenda," babu alisema, "reli ikabaki inaning'inia, mataruma yamefungwa vile vile. Kama ngazi. Na pengine haionekani, iko chini ya mchanga. Unachimbua leo, kesho mvua."

Reli mpya, iliyozinduliwa mwaka 2024 hadi Dodoma, haimbembelezi mto. Inatoboa mlima: mahandaki manne. Nami mtalii, kila nikiegemea dirisha kufaidi, giza! Naiona sura yangu mwenyewe kwenye kioo. Handaki refu kuliko yote lina zaidi ya kilometa moja. Nilihesabu, sikufika arobaini. Madirisha yenyewe hayafunguki. "Zamani hapa Munisagara ningekununulia ndizi," babu akanung'unika.

Tulipotoka gizani mara ya mwisho nikaiona. Sitadanganya, ni mizuri. Imepandana, ya mbele kijani, ya nyuma bluu, ukungu umekaa katikati. Moyo ukatulia kabisa. Halafu babu akanyoosha kidole kwenye mteremko uliolimwa mahindi mpaka juu, umechanwa na korongo jekundu.

"Mchanga wenu wa Kilosa unatoka pale."

Nikatafuta tena ile bluu. Ilikuwepo, lakini macho yalikuwa yanarudi kwenye korongo, na kwenye vibanda viwili vilivyokaa juu yake. Wenye vibanda wale nini wasipolima? Hilo sijui nitaliwekaje kwenye riwaya. Pale kuna mtu ana watoto, na jembe lake ndilo linalomfungisha bibi yangu kanga.

Nikatoa daftari. Babu akauliza naandika nini. Nikamsomea vituo vya reli ya zamani: Kilosa, Munisagara, Msaganza, Kidete.

"Mzaganza," akasema. "Kwa zeta. Nimelala pale miaka, kijana. Futa."

Nikafuta. Tayari tulikuwa Gulwe, nchi imekuwa tambarare, na babu amelala.