Kabla Hujaandika "Haina Mzio"

Moshi

Mpendwa mwanangu Neema,

Kifurushi chako kimefika salama na makopo hayakuvuja. Nimefungua moja nikalinusa: nta ya Tabora ina harufu yake ya moshi na asali, hata ukiichuja vipi haifichiki. Mafuta yako ya mgando yamelainika vizuri, hayana chembe na yanapakika. Hongera sana, maana najua ulikoanzia.

Ule ukurasa wa pili wa barua yako, hata hivyo, umenikosesha usingizi. Unasema wateja wawili wamevimba midomo na kubabuka, na mama mmoja anayenyonyesha amewashwa kwenye chuchu. Unasema pia kwamba kabla ya kupeleka mzigo Dar es Salaam utawapaka majirani 30 mkononi, usubiri mpaka kesho yake, na asipowashwa mtu utaandika kwenye lebo "haina mzio". Neema, naomba usifanye hivyo. Miaka yangu ya kazi katika kliniki ya ngozi imenifundisha kuheshimu kipimo, na hicho ulichopanga hakijibu unachouliza. Hilo neno la kwenye lebo nalo, hakuna kipimo kinachokupa haki ya kuliandika.

Tuanze na hiyo kesho yake. Mzio wa kugusa huenda polepole. Ngozi ina seli za ulinzi ambazo mwanafunzi wa udaktari wa Berlin, Paul Langerhans, alizieleza mwaka 1868 akidhani ni za mishipa ya fahamu. Leo tunajua kazi ya seli hizo ni nyingine: hukamata kitu kigeni kilichopenya ngozi, hukipeleka hadi kwenye mitoki, na huko hukionyesha kwa chembe nyeupe za damu. Mwili ukiamua kukikataa kitu hicho, maandalizi ya mara ya kwanza huchukua siku kumi hadi wiki mbili au zaidi, na muda wote huo mtu hahisi lolote. Akikutana nacho tena ndipo ngozi inapochachamaa, na hata hapo ni baada ya siku moja, mbili, wakati mwingine nne. Jirani ambaye hajawahi kuguswa na mafuta yako hawezi kukupa jibu kesho asubuhi. Na atakayewashwa dakika ile ile ana jambo jingine: pengine ngozi imechomwa tu na kitu kikali, pengine ni ule mzio wa haraka unaoleta mabaka yaliyovimba na kutoweka baada ya saa chache.

Sasa nta yenyewe. Umeniandikia kwamba nta haiwezi kudhuru kwa kuwa ni ya asili. Upupu nao ni wa asili, mwanangu. Nta ya nyuki iliyo safi ni pole kweli, ila upole wake unatokana na umbo la molekuli zake. Sehemu kubwa ya nta ni esta ndefu, na mojawapo iliyo maarufu, mirisili palmitati, ina uzito wa daltoni 677 hivi (daltoni ni kizio cha uzito wa molekuli). Mwaka 2000 watafiti wawili wa Uholanzi, Bos na Meinardi, waliandika kwamba karibu vitu vyote vinavyojulikana kuleta mzio wa kugusa vina uzito wa chini ya daltoni 500. Vilivyo vikubwa zaidi hushindwa kupita tabaka la juu la ngozi, kama kokoto zinavyobaki juu ya chekeche. Tena nta haishikamani kirahisi na protini za ngozi, na kitu kisichoshikamana na protini seli za ulinzi hazikitambui kuwa adui.

Kwa hiyo ndani ya kopo lako nawashuku watatu, na nta safi ya nyuki siyo ninayoishuku kwanza.

Ningeanza na yale matone ya mafuta ya mchaichai uliyoyataja kwa kupita. Yana sitrali kwa wingi, na molekuli ya sitrali ina daltoni 152 tu. Umoja wa Ulaya uliiweka katika orodha ya vitu vya manukato ambavyo mtengenezaji lazima avitaje kwenye lebo, kwa sababu vimeshajulikana kuleta mzio. Harufu tamu si ushahidi wa usalama.

Wa pili ni gundi ya nyuki, ile ambayo wafugaji sasa huiita propolisi. Nyuki huziba kila ufa wa mzinga kwa gundi wanayoitengeneza kutokana na utomvu na machipukizi ya miti. Unapoyeyusha masega, nta inalainika na kuyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, na wewe unaichemsha majini kupita kiwango hicho, kwa hiyo sehemu ya gundi inayeyuka nayo. Kitambaa unachochujia kinazuia mabuu na takataka, kilichoyeyuka kinapita. Huko Ujerumani, Björn Hausen na wenzake walifuatilia mzio wa gundi hii katika miaka ya 1980 na wakawapata wahusika wakuu: esta za asidi ya kafeiki zinazotoka kwenye machipukizi ya mipopla. Ila nyuki wenu wanaokota kwenye miombo, si kwenye mipopla. Matokeo ya Ulaya hayaitii hatiani gundi ya Tabora, wala hayaiachii huru. Hata dawa ya kupimia iliyotengenezwa kwa propolisi ya Ulaya inaweza kutoa jibu la "hakuna" kwa mtu ambaye gundi ya miombo inamdhuru. Ndiyo maana wateja wako wanapaswa kupimwa kwa nta yako wewe, kutoka bechi ile ile waliyopaka.

Wa tatu ni lanolini uliyonunua Dar es Salaam ili mafuta yasiwe magumu. Watu huiita mafuta ya kondoo, lakini kikemia ni nta: inatoka kwenye tezi za ngozi ya kondoo na huoshwa kutoka kwenye manyoya yake. Wajerumani wawili, Otto Braun na Oscar Liebreich, walijipatia hataza yake mwaka 1882, na tangu hapo imeingia kwenye marhamu za kila aina. Tabia yake imewasumbua madaktari hadi wakaiita fumbo. Mgonjwa mwenye kidonda cha mguu anaweza kupata mzio wa marhamu yenye lanolini, na mtu huyo huyo akapaka lanolini usoni, penye ngozi nzima, bila kuwashwa. Mwingine akipimwa kwa lanolini tupu haonyeshi kitu, akipimwa kwa marhamu yenye lanolini anaonyesha. Sasa watazame wateja wako: midomo iliyopasuka, chuchu zilizochubuliwa na mtoto. Hiyo ni ngozi iliyovunjika. Wewe ulitaka kupaka mikono ya watu wazima wenye ngozi nzima, ambayo ndiyo sehemu isiyoweza kukuambia lolote juu ya midomo ile.

Kipimo chenyewe kipo, tena ni cha zamani. Mwaka 1895 Josef Jadassohn, daktari wa ngozi wa Breslau, aliwabandikia zebaki wagonjwa waliokuwa wamedhuriwa na dawa za zebaki, akaona ukurutu unatokea pale pale alipobandika. Mpaka leo tunafanya hivyo hivyo, kwa uangalifu zaidi. Vikombe bapa vya alumini, upana wake milimita 8, hutiwa kila kimoja kitu kimoja na kubandikwa kwa plasta sehemu ya juu ya mgongo. Mafuta yako kamili yatakuwa na kikombe chake, nta ghafi chake, nta iliyochujwa chake, mafuta ya nazi chake. Alkoholi za sufu, ambazo ndizo kiini cha mzio wa lanolini, hupimwa zikiwa asilimia 30 ndani ya vaselini, na propolisi asilimia 10. Mafuta ya mchaichai lazima yazimuliwe sana, kwa sababu yakiwa matupu yatamchoma yeyote. Na kikombe kimoja kiwe na vaselini peke yake, ili tujue ngozi ya mtu huyu inafanya nini isipochokozwa.

Vikombe hukaa saa 48. Mgongo haulowi maji na mgonjwa halimi wala habebi mizigo, maana jasho hubandua plasta. Kwa joto la Tabora la mwezi Oktoba singekishauri kabisa. Baada ya kubandua tunasoma mara ya kwanza, kisha tunamrudisha siku ya tatu au ya nne tusome tena, na wakati mwingine siku ya saba. Kusoma mara ya pili ndiko kunakotenganisha mambo. Ngozi iliyochokozwa tu huanza kutulia kitu kikishaondolewa. Ngozi yenye mzio huendelea kupanda: siku ya pili uvimbe kidogo, siku ya nne vipele vilivyokazana na muwasho mkali. Kliniki inayombandua mtu na kumruhusu aende zake siku hiyo hiyo imefanya nusu ya kazi.

Jambo moja nalisisitiza, kwa kuwa vitabu vingi vya ngozi viliandikwa mbele ya ngozi nyeupe na vinalipita haraka. Vinakuambia utafute wekundu. Kwenye migongo yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Unaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau iliyofifia, au huoni rangi yoyote. Lazima upitishe kidole. Taa iwekwe upande, si juu, ili vipele vidogo vitupe kivuli. Mpimaji anayesubiri wekundu ataandika "hakuna" wakati vipele vipo chini ya kidole chake. Utakapowapeleka wateja wako, muulize mpimaji swali hilo bila aibu.

Narudi kwa majirani zako 30. Tuseme umewapima sawasawa kwa muda unaotakiwa na hakuna aliyewashwa. Kuna kanuni rahisi ya hesabu ambayo watakwimu huitumia: ukipima watu kadhaa na asidhurike hata mmoja, gawanya 3 kwa idadi yao, upate kiwango cha juu cha madhara ambacho bado kinawezekana. Tatu kwa thelathini ni moja ya kumi. Yaani baada ya uangalifu wote huo, bado inawezekana mteja mmoja katika kila kumi adhurike. Kampuni zenye fedha hupima watu 200, na hata hapo kinachobaki ni asilimia moja na nusu. Ukiuza makopo 10,000, asilimia hiyo ni watu 150. Unaona kwa nini "haina mzio" si kauli ya mtu mkweli?

Kuna sababu nyingine pia ya kuwaacha majirani, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Kupaka kitu tena na tena kwa watu wazima wenye afya ili uone kama watakikataa ni kuifundisha miili yao kukikataa. Mzio wa kugusa ukishaingia kwa kawaida haumtoki mtu maisha yake yote. Katika gereza la Holmesburg, Philadelphia, kuanzia miaka ya 1950 hadi 1974, daktari Albert Kligman alitumia ngozi za wafungwa, wengi wao weusi, kujaribu vitu vya kila namna. Kipimo chake cha kutafuta vitu vinavyoleta mzio, alichokichapisha mwaka 1966, kilitokana na kazi ya aina hiyo. Watu waliokuwa kifungoni walilipwa vijisenti na wakatoka na makovu. Majirani zako si wafungwa, najua, na wewe humtakii mtu mabaya. Lakini wanakupenda, watakubali kwa kukupenda, na ridhaa ya namna hiyo haitoshi.

Cha kufanya ni hiki. Tengeneza mafuta ya midomo na ya akina mama bila mchaichai na bila lanolini. Yakiwa magumu, punguza nta uongeze mafuta ya nazi. Kila bechi ipe namba na uhifadhi kopo moja. Kwenye lebo orodhesha vilivyomo vyote kwa majina yake, na mwambie mteja mpya apake kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni hadi wiki mbili, aache mara akiona vipele. Hilo halitamkinga kila mtu, ila litamshtua aliye tayari na mzio kabla hajayafikisha mdomoni. Vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019, kwa hiyo anzia ofisi yao kabla mzigo wa Dar es Salaam haujaondoka.

Wale watatu waliodhurika wanakuhusu wewe. Waambie waache mafuta leo, uwaandikie kila kilichokuwemo, na uwapeleke kwa mtaalamu wa ngozi katika hospitali ya rufaa ya mkoa wakiwa na kopo la bechi ile ile, nta ghafi, na lanolini ilivyonunuliwa. Hapa Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu 1992, na wanafunzi wake wametawanyika mikoani. Uliza hospitalini kama yupo wenu. Ukurutu ukiwa bado mbichi wasipimwe, ngozi itulie kwanza. Nauli yao ilipe wewe, na mama yule anayenyonyesha umpeleke wa kwanza.

Akupendaye,
Shangazi yako