Beringi Iliyobana

Mama zetu wa Mraru walinunua basi katika miaka ya 1970, kwani magari ya kwenda Voi yaliwafikia yamekwisha kujaa. Nasi twaitunza pampu yetu ya maji kwa moyo uo huo.

Beringi mpya ilipopachikwa kwa nyundo ilibana kupita kiasi: pete ya ndani ilitanuka, gololi zikakosa nafasi, pampu ikalia na kuchemka. Tuliambiwa itazoea, hatukukubali. Fundi wa pili aliipima shafti kwa maikromita, akaipunguza kwa sehemu za mia za milimita, akaipasha beringi nyingine katika mafuta, chini ya nyuzi 110. Ikaingia bila kugongwa.

Akina mama, fundi akishika nyundo, mwombeni kwanza apime. Pampu ikifa, ndoo hurudi vichwani mwetu.