Maua Machungu ya Migori na Homa Bay

Msafiri atokaye mji wa Migori kwenda Homa Bay hupita Awendo, nchi ya miwa, kisha hufika Rongo. Hapo huiacha barabara kuu iendayo Kisii, akashika njia ya Rodi Kopany mpaka akione kilima cha Asego kando ya Ziwa Victoria. Upande wa Rongo mvua ni nyingi. Kadiri ateremkavyo kuelekea ziwani mvua hupungua, na mahali pengi huona udongo mweusi unatao wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi.

Katika safari hiyo ataona kando ya njia na katika nyua za watu mmea wenye maua ya manjano, unaopita kimo cha mtu. Waluo huuita maua makech, yaani maua machungu. Wengine huuita alizeti mwitu, kwa kuwa ni wa jamaa moja na alizeti. Wataalamu huuita Tithonia diversifolia. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Haufi baada ya msimu mmoja; ukikatwa huchipuka tena. Wengi huuthamini kwa ua tu, wala hawadhani kwamba una faida kubwa shambani.

Lakini faida ipo. Mashamba mengi ya huku yamelimwa mahindi miaka mingi bila kupumzishwa. Ardhi ikichoka, kayongo huzidi, lile gugu la maua ya zambarau linyonyalo mizizi ya mahindi. Mbolea ya dukani ni ghali, na mwenye karo ya watoto kulipa huahirisha kuinunua. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kenya Magharibi, miongoni mwao wale wa KEFRI, KARI na ICRAF, waliyapima majani ya mmea huu. Waliona kwamba katika kila kilo 100 za majani makavu mna naitrojeni kiasi cha kilo tatu na nusu, potasiamu kilo nne, na fosforasi kiasi cha theluthi moja ya kilo. Majani hayo huoza upesi, na mazao huyapata manufaa yake msimu uo huo.

Kuupanda si kazi ngumu. Mkulima akate vijiti vya shina lililokomaa, kila kimoja urefu wa futi moja hivi, avichomeke mara moja katika udongo wenye unyevu, mvua zinapoanza. Mbegu nazo huota, ila zisifukiwe chini sana. Matawi na yakatwe yangali laini, kabla ya kuwa magumu kama kuni, yakatwekatwe na kufukiwa shambani wakati wa kupanda. Kufanya hivyo kabla ya maua kutoa mbegu kuna faida nyingine, kwani mmea huu huenea haraka na kuyasonga malisho.

Hata hivyo mkulima apige hesabu. Kiasi kilichotumiwa na watafiti, tani tano za majani makavu kwa hekta, ni kama tani kumi za majani mabichi kwa eka moja. Nani atazibeba kichwani? Kwa hiyo yafaa aanze na bustani ndogo ya sukuma wiki au nyanya, ambayo mavuno yake huleta fedha, na ua liwe karibu na bustani hiyo. Tena ajue kwamba mmea huu hauumbi fosforasi, bali huichukua pale ulipo na kuihamishia shambani. Ua likatwalo daima bila kurudishiwa kitu nalo litadhoofika. Mahali ambapo udongo umepungukiwa sana na fosforasi, majani hayo yachanganywe na mbolea kidogo ya dukani.

Mwenye ua la maua makech anayo mbolea ya kuanzia. Gharama yake ni panga, jembe na siku chache za kazi kabla ya mvua za Machi.