Pembe Ndefu za Barabara ya Gatumba

Aliyepita barabara ya Gatumba, nje ya Bujumbura, jioni, miaka ile ya 1980, anakumbuka jinsi dereva alivyozima injini na kungoja kundi la ng'ombe wa Ankole livuke kutoka malisho ya bonde la mto Ruzizi, pembe nyeupe zikigongana taratibu, wachungaji wakipiga mluzi na fimbo zimelazwa mabegani, harufu ya samadi mbichi ikichanganyika na upepo wa Ziwa Tanganyika. Hakuna aliyenung'unika ndani ya gari. Hata yule asiye na ndama alichagua wake kimoyomoyo.

Siku hizi gari halisimami.

Alfajiri zetu za mtaa wa Buyenzi, mjini, nazo zilikuwa na ng'ombe wale wale, ingawa hatukuwaona: adhana haijapoa masikioni, muuza maziwa anafika kwa baiskeli, kengele inalia, mama anatoka na sufuria, anapimiwa kwa kikombe cha bati, anaonja kwa ncha ya kidole kama maji hayakuzidi, kisha maziwa yanabandikwa juu ya mkaa mpaka utando mzito wa manjano unajikunja, na huo utando ndio watoto tuliougombania kabla chai haijamiminwa. Leo nanunua maziwa ya pakiti dukani. Ni safi, yamechemshwa, na utando hauna wa kuugombania.

Vita vilivyoanza 1993 vilikuwa vimeshapunguza makundi mengi. Kisha ikaja sheria ya Burundi ya tarehe 4 Oktoba 2018: mifugo yote, ng'ombe, mbuzi mpaka kuku, ifugwe zizini, marufuku kuzurura. Wafugaji walipewa miaka mitatu kujiandaa. Oktoba 2021 muda ukaisha.

Sheria ile ina haki yake, na lazima niseme hivyo waziwazi. Nani asiyekumbuka kesi za mahindi na mihogo iliyoliwa usiku, majirani wakipelekana mbele ya Bashingantahe, wazee waamuzi, mwaka baada ya mwaka? Nchi ni ndogo, watu ni wengi, na shamba la familia siku hizi unalimaliza kwa hatua chache. Samadi iliyokuwa ikipotea njiani sasa inakusanywa na kurudi kwenye migomba. Tena ng'ombe chotara wa Friziani anakamuliwa maziwa mengi kuliko Ankole kadhaa, maana Ankole wetu, kwa fahari yake yote, lita mbili tatu kwa siku ndizo zake.

Lakini nenda pembezoni mwa jiji, upande wa Kanyosha au Mutimbuzi, uangalie maisha ya mfugaji mdogo. Zizi la mbao, ng'ombe wawili, ndama mmoja. Kazi aliyoifanya mchungaji mmoja kwa kundi zima imekuwa kazi ya nyumba nzima: mama anakata mabingobingo kabla jua halijachomoza, mtoto anachota maji, baba anasukuma baiskeli iliyofunikwa na majani hata huoni magurudumu. Kiangazi kikikaza, kuanzia Juni, majani yananunuliwa. Anayenunua majani hupiga hesabu, na katika hesabu hiyo mwenye pembe ndefu ndiye wa kwanza kuuzwa. Anakula sana, anatoa kidogo, na pembe zake hazitoshi katika zizi jembamba.

Wala tusiilaumu sheria peke yake. Aprili 2020 Ruzizi ilifurika na kuwahamisha watu wa Gatumba. Mwaka 2024 ziwa likapanda na maji yakaingia majumbani tena. Hata ukiwarudisha ng'ombe leo, sehemu ya malisho yale imekuwa ya viboko.

Wazee wetu bado wakisalimiana hutakiana makundi ya ng'ombe. Kijana anaitikia vizuri, bila kuwahi kuliona kundi likivuka barabara. Hilo linaniuma kuliko chai isiyo na utando.

Sidai makundi yarudi barabarani. Migomba ya watu ina thamani yake. Ombi langu ni kwa wenye nafasi, na kwa wale wanaogawa ng'ombe kwa familia maskini: msigawe Friziani peke yao. Ankole amelizoea jua la uwanda wa Imbo na nyasi kavu tangu enzi za wafalme wetu. Katika kila mazizi machache, moja lijengwe pana, la kutosha pembe zake.