Dereva haoni chini

Jumapili nilikwenda Musonoi, karibu na shimo la KOV, kumsalimia dada yangu. Juu ya kilima cha mawe yanayotupwa na mgodi, malori yalionekana madogo, kama yale wanafunzi wangu wanayotengeneza kwa mikebe. Kumbe! Aina ya Caterpillar 777 hubeba tani 90 hivi, na gurudumu lake linapita mita 2 na nusu. Baba mrefu akisimama kando yake anaonekana mtoto. Dereva amekaa juu kama kwenye dirisha la ghorofa. Aliye karibu na gurudumu hamwoni kabisa. Na watoto wetu huokota mawe kule! Dada amemkataza wake. Kila asubuhi anamfikisha mwenyewe hadi mlango wa darasa.